Gari la Milango Miwili

Mume wangu aliuza pikapu yetu muda mfupi kabla ya mavuno ya kahawa. Hakuniuliza. Nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha, nikakuta mahali ilipokuwa inaegeshwa pana doa la oili na kuku wanaparua. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Subiri tu, mama watoto. Utaona kinachokuja."

Kilikuja Jumamosi mchana, na nilikisikia kabla sijakiona. Nilikuwa nyuma ya nyumba, hapa kwetu Buhembe, namenya ndizi, mara nikasikia ngurumo inapanda barabara yetu kama mashine ya kukoboa iliyokatika kitu ndani. Majirani walitoka. Nami nikatoka na kisu mkononi, vidole vimejaa utomvu, nikamkuta mume wangu nje ya geti amekaa ndani ya gari la bluu, chini kabisa, kiasi kwamba ilibidi nimtazame kama mtu anayetazama ndani ya shimo.

Lilikuwa gari la michezo. Milango miwili, pua ndefu, bati limesimama nyuma kama mkia wa jogoo. Lilikwishachoshwa na Mjapani mmoja kwao, likaja likachoshwa na kijana mmoja wa Dar es Salaam, na sasa lilikuwa limeletwa kwetu limalizie uzee wake kwenye mvua na udongo mwekundu.

"Mbona huingii?" nikamuuliza.

"Mtaro," akasema. "Litasugua tumbo."

Tukasimama tunautazama mtaro wetu, mtaro ambao pikapu iliuvuka miaka yote bila mtu kujua kuwa upo. Mwishowe majirani walileta mbao, wakazipanga, na gari likaingia nyumbani kwetu taratibu, watu wanapiga makofi. Mume wangu alishuka kwa kujivuta, mkono mmoja juu ya paa na mwingine kwenye mlango, maana ana umri wa kuwa na tumbo na tumbo analo. Akanyoosha suruali. Akatabasamu kwa kila mtu.

Sisi ni watu watano. Nilifungua mlango nikaangalia kiti cha nyuma. Kilikuwa kiti cha kuweka mkoba, tena mkoba wa mtu asiyebeba vitu vingi.

"Watoto watakaa wapi?"

"Watajibana," akasema. "Ni wadogo."

Mkubwa wetu alikuwa amempita baba yake urefu.

Watu wa mikoa mingine hututania sisi Wahaya kwa majivuno. Wanatuita nshomile, yaani mimi nimesoma, na wanatunga vichekesho kuhusu mtu wa Bukoba anayelala njaa huku shati lake limepigwa pasi. Zamani nilikuwa nawakasirikia. Tangu gari lile liingie kwetu nilinyamaza, maana kila asubuhi nilikuwa nashuka kutoka kwenye kichekesho chao mbele ya wanafunzi wangu.

Na kushuka kwenyewe kulikuwa adhabu. Mwanamke aliyevaa sketi hashuki kutoka gari la namna ile, anamwagika. Unatoa mguu mmoja, unatafuta ardhi, unashika sketi, unashika mlango, kisha unajirusha. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wanapanga foleni kuona. Mume wangu hakuona lolote. Yeye alikuwa anakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, ili walimu wa kiume watoke ofisini. Wakatoka kweli, watu wazima wenye shahada, wakaacha kusahihisha madaftari waje kusikiliza eksozi.

Kila tuta la barabarani tulilipanda kwa upande, kama mtu mwenye kidonda cha mguu anayepanda ngazi. Bodaboda zilitupita. Baiskeli zenye mikungu ya ndizi zilitupita. Mbao za mtaro alizinunua mpya akazifunga kwa kamba ndani ya buti, na kwa kuwa buti lilikuwa limejaa mbao, vitu vya sokoni nilivipakata. Nimepakata mchele, nimepakata sangara mzima, nimepakata ndoo ya unga kutoka mjini hadi nyumbani, kichwa changu kikigonga paa.

Alikuwa na fundi wake, kule Hamugembe, mtu mmoja mnene aliyeliita lile gari "mnyama". Kila wiki mnyama alikuwa na ugonjwa. Fundi alilizunguka akitikisa kichwa kwa heshima, akisema magari kama haya yanataka mtu anayejua thamani, na mume wangu, ambaye ofisini kwake huwahoji watu mpaka wanatoka jasho, alimwamini kama mtoto. Siku moja nilimuuliza fundi mbele yake kama ana uhakika kifaa alichobadilisha kilikuwa kibovu. Akacheka. "Mama, haya ni mambo ya wanaume." Mume wangu naye akacheka. Nikawatazama wote wawili wakicheka, mmoja anaibiwa na mwingine anaiba, wakiwa na furaha sawasawa.

Lakini hayo yote ningeyameza kama si mkungu wa ndizi.

Mama mkwe wangu anatoka Kishanda, wilaya ya Muleba. Alibaki peke yake kwenye kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, na mdogo wa mume wangu amejenga jirani naye. Tulipokwenda kumsalimia kwa mara ya kwanza na gari lile ilikuwa kiangazi, tukafika kwa kutambaa. Mama alilizunguka, akaligusa, akamshukuru Mungu, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyelileta. Wakati wa kuondoka alitoka shambani na mkungu wa ndizi, mkubwa, aliokuwa ameutunza kwa ajili yetu, ameubeba mwenyewe kichwani.

Mume wangu alisimama mbele ya buti. "Mama, huu una utomvu. Utomvu hautoki kwenye viti."

"Nitaufunga majani," mama akasema.

"Hata ukifunga. Mpe mtu wa basi aulete."

Mama aliushusha chini. Mtu wa Kishanda anayekataa ndizi za mama yake! Sijui kama yupo mwingine. Nilitaka kuupakata, nikasema nitaupakata, akasema gauni langu litagusa kiti. Tukaondoka tukimwacha mama amesimama na mkungu miguuni, anatupungia mkono. Njia nzima sikumsemesha, na yeye njia nzima alisikiliza injini.

Mvua zilipokuja, shemeji alinipigia simu wakati wa mapumziko. Mama ameteleza shambani. Hawezi kusimama, mguu umegeuka. "Njooni na gari," akasema, kisha akakata.

Mume wangu alinifuata shuleni. Sitamsingizia: alikuwa na wasiwasi, hata mkanda alisahau kufunga. Lakini baada ya kuuacha mji lami ikawa tupu, ziwa liko kushoto limefunikwa na ukungu, akakanyaga mafuta. Nikamwona usoni. Mama yake amelala chini na mguu uliogeuka, na yeye alikuwa anafurahia kona. Hakujua kwamba anafurahia. Nilijua mimi, na tangu siku hiyo kuna namna ya kumtazama ambayo sijaweza kuirudia.

Baada ya Muleba tukaacha lami. Mvua ilikuwa imegeuza barabara kuwa sabuni. Tulikwenda mwendo wa kinyonga, yeye ametoa kichwa dirishani anatafuta mawe, na akina mama waliobeba vikapu walitukuta, wakatusalimu, wakatupita. Chini ya mlima wa kuingia Kishanda, penye kidaraja, tukasikia mlio ambao hata mimi nisiyejua magari niliuelewa. Jiwe lilikuwa limepasua tumbo. Oili ikaanza kutiririka na maji ya mvua, inameta.

Mume wangu alilala kwenye tope na shati lake la ofisini akachungulia chini. Alipoinuka alikuwa na sura ya mfiwa.

"Sampo imepasuka, pale panapokaa oili," akasema.

"Twende kwa miguu," nikamwambia. "Mama anangoja."

Akatazama juu mlimani, akatazama gari. "Nikiliacha hapa watang'oa taa."

Nilivua viatu, nikachukua mwavuli, nikapanda mlima. Mbele kidogo nilipata bodaboda. Sikugeuka nyuma kumtazama.

Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, amefunikwa vitenge, wanawake wa jirani wamemzunguka. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Nilipiga magoti nikamshika mkono.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza kwa Kihaya.

"Yuko njiani, mama. Gari limeharibika."

"Ile pikapu?"

"Hapana, mama. Lile la bluu."

Akafumba macho. Nadhani alikuwa amesahau kwamba pikapu haipo tena, na sasa alikuwa anakumbuka. "Basi nibebeni," akasema.

Wanaume walikata miti miwili, wakafunga blanketi katikati, wakamweka humo taratibu, naye hakulia. Aliuma tu ncha ya kitenge. Shemeji alishika mbele. Tukateremka mlima, wabebaji wakipokezana, kila mmoja anachagua pa kukanyaga, mimi ubavuni nikimkinga mama usoni kwa mwavuli. Watu hao hawakuwa na haraka ya kujionyesha kwa mtu. Hakuna aliyeteleza.

Gari tulilikuta palepale kidarajani. Mume wangu alikuwa ndani, vioo amepandisha, vimejaa mvuke. Alipotuona akatoka mbio. Akataka kushika mti mmoja wa machela, viatu vyake vikateleza, akashika bega la mbebaji, wote wakayumba, na mama akatoa sauti kwa mara ya kwanza.

"Wewe kaa na gari lako," mzee mmoja kati ya wabebaji akamwambia. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni pa kukaa.

Mume wangu akasimama kando, mvua inamwagika kichwani. Ndipo mama akafungua macho, akamwona mwanawe, akanishika mkono.

"Mpe mwavuli," akaniambia. "Atalowa."

Nikajifanya sikusikia. Akarudia. Nikaendelea kutembea na mwavuli juu ya uso wake, na wabebaji, ambao wote walikuwa wamesikia, wakaangalia mbele.

Tulipokaribia lami tukakutana na lori dogo lililotoka kupakia ndizi Buganguzi. Dereva hakuuliza maswali. Yeye na wenziwe walisogeza mikungu, wakatandaza turubai, wakampandisha mama, nami nikakaa nimeweka kichwa chake mapajani. Utomvu ulinichafua gauni lote. Mpaka leo gauni lile lina madoa, na ninalivaa.

Hospitalini, hospitali ya misheni, walisema ni mfupa wa paja, karibu na nyonga. Atapona, lakini polepole. Mume wangu alifika kesho yake kwa bodaboda. Gari lilikuwa limevutwa na trekta hadi kwa mtu mmoja mwenye uzio. Alikaa kitandani kwa mama yake akamweleza habari za sampo kwa urefu, vifaa vitakavyoagizwa, itakavyochukua muda. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na lenyewe limelazwa?" akauliza.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Mume wangu naye alicheka kidogo, akasema, "Ndiyo, mama, limelazwa," kwa upole kabisa. Nadhani alifikiri mama anamwonea huruma.

Siku ya kumruhusu mama gari lilikuwa limepona kabla yake. Tulikuwa tumekubaliana aje akae kwetu Buhembe mpaka apate nguvu. Mume wangu alilifikisha gari hadi mbele ya wodi, limeoshwa, viti vimefunikwa taulo mpya. Muuguzi na mimi tulimleta mama kwa kiti cha magurudumu. Mama akainama kidogo, akachungulia ndani.

"Hicho kiti kiko chini ya ardhi," akasema. "Nikiingia humo mtanitoa kwa jembe."

"Mama, tutakushika," mume wangu akasema.

"Mlikwishanishika. Tafuteni gari la watu."

Nilikodi teksi, gari la kawaida la milango minne, na mama akaingia kama anavyoingia kanisani, wima. Mume wangu akatutangulia na la kwake. Aliwasha taa za tahadhari, utadhani tunapeleka bi harusi. Kilomita chache mbele tukamkuta amesimamishwa na askari wa barabarani. Dereva wa teksi akapunguza mwendo, tukadhani amekamatwa kwa mwendo kasi. Askari alikuwa amekaa kwenye usukani, anapigwa picha na mwenzake.

"Endelea," nikamwambia dereva.

Mama alikaa nasi miezi kadhaa. Mchana alikuwa anakaa barazani na fimbo yake, akiwatazama wanaume waliokuja kulitazama gari. Walikuwa wanakuja kweli, hasa Jumapili baada ya misa, na Ijumaa wengine wakitoka msikitini. Wanafungua boneti, wanainama, wanatikisa vichwa.

"Wanatafuta nini humo?" mama aliniuliza mara moja.

"Wanaitazama injini, mama."

"Imekufa?"

"Hapana, leo ni nzima."

Akafikiri. "Sasa wanatazama nini, waitu?" Alilivuta hilo "waitu" kama wengine wanavyosema "jamani".

Halafu mume wangu akapata malaria, akalala, na dawa za mama zilikuwa zimeisha. Ilibidi niende Muleba, hospitalini, na kwa kuwa basi lilikuwa limekwishaondoka, ikabidi niende na lile gari. Kuendesha najua, pikapu niliiendesha miaka mingi. Nilipofika kwenye lami nikasema nijaribu kidogo tu. Gari likaruka. Siwezi kusema uongo, kitu fulani kifuani kilifunguka. Barabara ilijikunja na kujikunjua kama kitambaa, na nikacheka peke yangu kwa sauti. Kwa muda nikamwelewa mume wangu.

Kisha nikafika Muleba. Mlinzi wa hospitali, ambaye siku zote alikuwa ananiacha nisimame juani nikimweleza shida yangu, akafungua geti huku anainama. Kwenye dirisha la dawa watu walikuwa wamejipanga, lakini karani alikuwa ameniona nikishuka, nikimwagika na gauni langu, akaniita mbele. "Karibu mama, karibu, pita huku." Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alinisogezea nafasi bila kuambiwa. Ni mimi yuleyule niliyekuja wiki zote zile kwa basi, na gauni lilelile. Nikawaona wote walivyokuwa wajinga, na mimi nimesimama juu ya ujinga wao kama kwenye jukwaa. Nilimwambia yule mwanamke apite kwanza. Akakataa, kwa heshima. Nilirudi Bukoba polepole, na tangu hapo sikuugusa usukani wake tena.

Hakuliuza kwa sababu yangu, wala kwa sababu ya mama yake. Aliliuza kwa kuwa kijana mmoja mfanyabiashara alileta mjini la kwake, jipya zaidi, la rangi ya machungwa, na wanaume wa Jumapili wakahamia huko. Ndani ya mwezi mmoja mume wangu akagundua kwamba la kwake linakula mafuta, halibebi watu na vifaa vyake havipatikani. Aliniambia haya mezani kama habari mpya. Watoto wakainamisha vichwa kwenye sahani.

Mnunuzi alitoka Karagwe, mtu wa makamo, amekuja na mkewe. Wakati wanaume wanazunguka gari, yule mama akanivuta pembeni. Alikuwa mjamzito.

"Dada, niambie kweli. Linafaa?"

Nikamwambia kweli. Nilimwambia matuta, nilimwambia kiti cha nyuma, utomvu, fundi, sampo, mama mkwe kwenye blanketi. Sikupunguza sauti. Mume wangu alisikia kila neno. Alikuwa anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Yule mama alinisikiliza, macho yanamtoka, akanishukuru, akaenda kumnong'oneza mumewe. Nikamwona mumewe anacheka na kumpigapiga mgongoni. Wakalinunua.

Tulinunua pikapu nyingine, ya kijivu, iliyobonyea ubavu. Mama alirudi Kishanda nayo, amekaa mbele, na tuliporudi tulikuwa na mikungu ya ndizi, magimbi na gunia la maharage. Mume wangu huiegesha mbali na ofisi yake, nyuma ya maduka, na kutembea hatua zilizobaki kwa miguu.

Juzi alitutembelea mgeni, mwenzake wa zamani wa chuo. Niliingia na chai nikamkuta mume wangu ameegemea kiti, anasimulia kwa huzuni.

"Zamani nilikuwa na gari," alikuwa anamwambia.

Mgeni akachungulia dirishani. "Na lile pale nje?"

"Ile ni pikapu," mume wangu akasema.

Nikaweka chai mezani, nikatoka.